Wamekua Pamoja na Makosa Yao: Maswali Yenu Kuhusu Riwaya ya Mapenzi

Mwezi huu barua zenu karibu zote zimeangukia sehemu moja, mapenzi ya watu waliojuana tangu utoto, sijui mmeambizana. Iliyonikalisha chini ni ya kijana mmoja wa hapa hapa Dodoma ambaye ameandika riwaya yake ya kwanza akanitumia sura tatu na muhtasari wa zilizobaki. Nimezisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwahiyo yeye nampa nafasi kubwa na wengine mtanivumilia.

SWALI

Shikamoo shangazi. Nina miaka 27, naishi Nkuhungu. Nimeandika riwaya ya mapenzi, nimeiandika kwenye simu miaka miwili usiku nikitoka kazini ndo nikaenda kuiprinti steshenari, imetoka kurasa 212. Inahusu Nyemo na Yona, wamekulia nyumba zinazotazamana Chang'ombe (ya Dodoma sio ya Dar), mama zao walikuwa wanauza karanga na ubuyu pamoja kituo cha treni. Ukubwani Yona ni dalali wa viwanja, ana mdomo mtamu, muongo muongo, anakopa halipi. Nyemo ana saluni Majengo, mchapakazi kweli ila ana kiburi, hasahau kosa na kila alichokutendea anakihesabu. Wanagombana wanapatana mpaka wanakuja kugundua wanapendana. Nimewapa watu watano wasome. Watatu wamesema hawa watu hawapendeki, nimfanye Yona awe injinia mwenye pesa zake na Nyemo awe mpole. Wawili wamesema wamezoeana mno, wamekaa kama kaka na dada, mapenzi hayaingii. Shangazi nimechoka, niwabadilishe au niache kabisa?

Mwandishi chipukizi, Nkuhungu

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, kurasa 212 kwa simu baada ya kazi sio mchezo, wengi wanaoanza wanakatikia ukurasa wa 30. Pili, usimfanye Yona injinia. Nakuomba sana. Nyemo naye muache na kiburi chake. Ukiwabadilisha utabaki na kijana mzuri na binti mzuri ambao hakuna hata mmoja wetu anayewajua, wakati Yona mi namjua, mtu yeyote wa Dodoma anamjua, ameshampigia simu akaambiwa "nipo hapa Sabasaba nakuja dakika tano" na nyuma unasikia redio ya nyumbani kwao.

Ila hao watatu usiwadharau. Mtu akikwambia mhusika hapendeki mara nyingi kuna kitu kweli kimemkwaza ila ameshindwa kukitaja jina, basi anakuandikia dawa ya ugonjwa mwingine. Nilivyosoma mimi, tatizo sio kwamba Yona ana makosa, tatizo makosa yake hayamgharimu mtu yeyote tunayemjali. Angalia sura ya pili. Yona anamuuzia mzee mmoja kiwanja cha Nala ambacho kimeshauzwa kwa mtu mwingine, mzee analia pale barabarani, sura inaisha, na huyo mzee hana jina na kwenye muhtasari wako harudi tena. Sasa msomaji alipeleke wapi hilo chozi? Anabaki nalo. Sura inayofuata unamleta Yona saluni anamchekesha Nyemo, na msomaji bado anamuwaza yule mzee kama alipata hela ya nauli ya kurudi kwake, ndo maana anakwambia hapendeki na ana haki.

Mi ningefanya hivi. Huyo mzee mwondoe, pale pale muweke mama yake Nyemo. Mama aliyeuza karanga kituoni miaka yote ile, aliyemlisha Yona mlenda sahani moja na binti yake, ndo ampe Yona akiba yake amtafutie kiwanja kwa sababu "huyu si mwanangu huyu". Na Yona asiwe amepanga kumwibia, hapo kuwa makini sana, yeye kaambiwa na dalali mkubwa kwamba kiwanja ni safi, moyoni ana wasiwasi, lakini hakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa wala ofisi ya ardhi kuhakiki kwa sababu alijua akienda anaweza kukosa cha juu chake. Kosa lenyewe ni hilo tu, kwamba hakwenda kuuliza. Kosa dogo la mtu wa kawaida linalobomoa nyumba ya mtu mwingine linauma kwenye riwaya kuliko uovu wa jambazi, kwa sababu kila anayesoma ameshawahi kuacha kuuliza kitu alichojua akiuliza hatapenda jibu.

Halafu Nyemo. Kwenye sura zako kiburi chake kinaishia kwenye kubetua midomo tu na kufunga mlango kwa nguvu, hakina uzito. Mpe kosa linalolingana na la Yona. Kwa mfano mtaji wa saluni, ile draya na vile viti viwili ulivyovieleza vizuri kweli, utoke kwenye pesa za udalali wa Yona, na Nyemo anajua Yona hajawahi kupata hela nyingi namna ile kwa njia iliyonyooka, na hakumuuliza. Yona hakuuliza ofisi ya ardhi, Nyemo hakumuuliza Yona. Mambo yakilipuka, Nyemo anasimama katikati ya saluni anamtukana mwenzie mwizi huku amekalia kiti cha hela hizo hizo, na wateja wawili wenye rola kichwani wanasikiliza. Hiyo sura nataka kuisoma. Hapo hatakuwepo wa kumsamehe mwenzie kutoka juu, wote wapo chini wanatafutana.

Na mweleze Yona alivyofika huko, maana hukueleza na Dodoma imekupa sababu bure. Serikali kuhamia huku kuliamuliwa tangu 1973, miaka ikapita mpaka watu wengi tukawa tunaliona kama jambo la kwenye vitabu vya shule, af Julai 2016 hayati Magufuli anasema serikali yote inahamia, mwaka uliofuata CDA, ile mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu, ikavunjwa, Aprili 2018 tukawa jiji. Kijana wa Chang'ombe aliyemaliza kidato cha nne hana kazi, anaona watu wanashuka na magari kutoka Dar wanauliza viwanja Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mtumba, yeye mitaa anaijua yote na mdomo anao. Yaani Yona asingekuwa dalali angekuwa nani? Ukurasa mmoja tu wa hayo unatosha, usiwe somo la historia, lakini ukiwepo msomaji atamwelewa hata akiwa anamchukia.

Sasa wale wawili waliosema wamekaa kama ndugu. Hawa wameona kitu kikubwa kuliko wale watatu. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na riwaya ya marafiki wa utotoni adui yake ndo huyo, mazoea. Watu wageni wakikutana kila siku wanagunduana kitu kipya, anapenda chai ya tangawizi, ana kovu gotini, msomaji anagundua pamoja nao. Nyemo na Yona hawana cha kugundua, kovu la goti la Yona Nyemo alikuwepo siku ameanguka kwenye mbuyu. Na ndo maana mbinu za riwaya nyingine hazikusaidii. Wewe umeandika ukurasa wa 61 kwamba "ghafla Nyemo aligundua kuwa Yona ana macho mazuri". Hapana jamani. Hayo macho anayaona tangu chekechea.

Nikwambie ninavyoona mimi. Kwa watu wageni mapenzi yanaanza aibu ikiondoka, kwa waliokua pamoja yanaanza siku aibu inaingia. Huyu binti amekula na huyu kaka sahani moja, wamechota maji wote siku za mgao, amemuona akilia, amemuona na surua, hajawahi kujali amevaa nini mbele yake. Siku moja Yona anapita saluni kama kawaida na Nyemo bila kujua kwa nini anavuta kitenge vizuri. Anakaribishwa chipsi za Yona, anasema ameshiba, wakati miaka yote alikuwa anamnyang'anya. Yona naye ambaye akidanganya mtu huwa hababaiki, anashindwa kumdanganya Nyemo kitu kidogo tu, maneno yanamkwama. Weka vitu kama hivyo vitatu vinne bila kuvieleza, usiandike "alihisi mapenzi", msomaji atajua kabla ya wao wenyewe na raha yote ya hadithi kama hizi ipo hapo, sisi tunajua wao hawajui.

Ili aibu iingie lazima watengane kidogo, na hilo umelifanya, Yona anakimbilia Dar miaka miwili halafu anarudi. Vizuri. Ila umemrudisha 2019 kwa treni ya mwendokasi! Mwanangu, SGR ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, kwahiyo ama usogeze miaka ama umpandishe basi. Mi naona mpandishe basi, na sio kwa sababu ya tarehe peke yake. Treni ya mwendokasi inakutoa Dar inakufikisha hapa kwa saa tatu na kitu, mtu mwenye deni la mama wa watu hata hajamaliza kuwaza ameshafika. Basi linampitisha Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa, jua linamchoma upande mmoja wa uso, kila kituo anajiambia nishuke nirudi. Mpe Yona hiyo safari.

Kosa lingine la namna hiyo hiyo, na hili limeniuma kwa sababu sura yenyewe nzuri, kwenye muhtasari umesema wanabusiana kwa mara ya kwanza kwenye mvua kubwa mwezi wa saba. Mvua ya Julai Dodoma umeiona wapi? Sisi mvua zetu zinaanza Desemba hivi zinaishia Aprili, Julai ni vumbi na upepo na baridi ya usiku ambayo wageni hawaitegemei. Mvua kwenye busu ni ya tamthilia za watu, ya kwetu ni upepo. Waweke nyuma ya saluni usiku wa Julai, wamejifunika kitenge kimoja cha Nyemo kwa sababu Yona hakuja na sweta, mchanga unaingia machoni, Nyemo anamwambia fumba nikupulize. Mengine unayajua. Au kama unataka harufu ya mavuno, zabibu huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti, unaweza kuwapeleka Hombolo shambani kwa mjomba mtu.

Maongezi yao pia yaangalie. Watu waliokua pamoja hawasemi "ewe Nyemo, tangu tulipokuwa watoto umekuwa ukinijali". Wanakatizana, wanaitana majina ya utani, sentensi mmoja anaianza mwenzie anaimalizia, na vitu vikubwa kabisa hawavitaji. Wanaweza kuamkiana kwa Kigogo, "mbukwenyi", kwa utani wakiwa wamenuniana, na Nyemo akiitikia tu Yona anajua hasira zimeisha. Utotoni umekaa nao kurasa 58, punguza mpaka kumi, nyingine zinyunyize humo mbele pale zinapouma. Lile tukio la Yona kusema yeye ndo kavunja chungu cha bibi wakati aliyevunja ni Nyemo, usilitaje mwanzo kabisa. Lifiche. Lilete usiku wa ugomvi wa saluni, kwamba uongo wa kwanza kabisa wa Yona maishani alidanganya ili Nyemo asipigwe, na Nyemo alikuwepo akanyamaza. Nilivyolisoma kwenye sura ya kwanza lilinipita tu kama kisa cha watoto, nikajikuta nalikumbuka usiku kitandani.

Mwisho wa riwaya unasema Yona anaenda kwenye mkesha anabadilika kabisa, kurasa mbili baadaye harusi. Sikubali. Sio kwamba watu hawabadiliki, ila muongo wa miaka kumi na tano habadiliki usiku mmoja na Nyemo tunayemjua hawezi kuamini hata kama sisi tukiamini. Mwache aendelee kudanganya kidogo ila ajifunze kurudi. Nyemo anamuuliza umekula, anasema nimekula, anaondoka, dakika kumi baadaye anagonga mlango, "nimekudanganya, sijala". Na deni la mama alilipe kidogo kidogo kila mwezi, Nyemo anaandika kwenye daftari lake la saluni kwa sababu ndo zake kuhesabu. Mwezi wa kwanza anaandika, wa pili anaandika mpaka na tarehe na saa. Halafu inakuja siku anapokea ile hela anaiweka kwenye pochi, anaendelea kumsuka mteja, na anasahau kuandika. Ukiishia hapo hata harusi sina haja nayo.

Ukimaliza kurekebisha niletee tena. Ila usiwape wale wale watano, tafuta msomaji mmoja tu asiyekujua.

SWALI

Shangazi, mimi ni mwalimu Kondoa na mama wa mabinti wawili. Nasikia sana siku hizi kwamba riwaya za mapenzi ziwe na watu wenye makosa ndo uhalisia. Mi naogopa. Binti akisoma kwamba mwanaume muongo anayekopa halipi mwishoni anapendwa, si atakuja kuvumilia hata anayempiga akijua atabadilika? Hivi tunawafundisha nini hawa watoto?

Mwalimu, Kondoa

JIBU

Mwalimu wangu, hofu yako naiheshimu na nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kujibu. Kuna makosa na kuna ukatili na mwandishi anayevichanganya anafanya dhambi, hilo nipo na wewe. Mwanaume anayempiga mwanamke halafu ukurasa unaofuata anamletea khanga na sisi tunaambiwa ona anavyompenda, kitabu cha namna hiyo mi nakifunga na sikipi mtu. Sheria ya Ndoa yenyewe ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, yaani hata wale waliokuwa wanasema ni mila sheria ilishawajibu zamani. Binti akikuuliza, mwambie hilo na umwambie dawati la jinsia polisi lipo kwa ajili hiyo.

Lakini kosa kama la Yona ni jingine. Yona anaogopa, anadanganya, anaumiza, halafu hadithi inamfuata mpaka alipe. Kipimo changu kwenye riwaya ni hicho: aliyeumizwa ana nafasi ya kusema? Anaweza kuondoka na hadithi ikamheshimu? Nyemo anamfukuza Yona mara mbili na kila mara anaendelea kusuka, anaendelea kula, anaendelea kuwa Nyemo. Binti akisoma hivyo anajifunza kwamba kupenda mtu hakumaanishi kumfichia. Tena mi naogopa zaidi zile riwaya za kijana asiye na doa hata moja, kwa sababu binti akikutana na wa kweli mwenye doa lake hana macho ya kupima doa hili ni la kuvumilika au la kukimbia, hajawahi kuonyeshwa tofauti.

Ukiweza wasomee kwa sauti hao mabinti, muwe mnasimama mnabishana. Mi mama yangu hakuwahi kusoma riwaya hata moja lakini jioni nikimsomea alikuwa anamsuta mhusika kama jirani yake, na mengi ninayoyajua kuhusu wanaume nimeyasikia kwenye yale masuto.

SWALI

Shangazi za kazi. Mi nipo Mpwapwa, na mimi nina riwaya yangu imeisha, ya mapenzi pia. Naogopa kuitoa maana watu watachukua PDF watasambaza kwenye magrupu. Na je hakimiliki napata wapi, na ile namba ya nyuma ya kitabu?

JIBU

Nzuri mdogo wangu. Hakimiliki hupewi na mtu, unayo tangu ulipoiandika, ndivyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inavyosema, na inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, yaani wajukuu wanaweza kula. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unaenda kusajili ili uwe na ushahidi siku ukigombana na mtu. Hiyo namba ya nyuma ni ISBN, ina tarakimu 13, huku kwetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwahiyo usimlipe mtu wa kati anayekwambia ana njia yake ya siri.

Kuhusu magrupu sikudanganyi, ikitoka nzima nzima kama faili inasambaa. Wengi wanaofanikiwa naona wanatoa sura kadhaa za mwanzo bure kwenye WhatsApp, msomaji akishanasa anaagiza kitabu cha karatasi, wanachapa kidogo kidogo kwa kadiri ya oda. Usichape elfu moja ukazipanga chini ya kitanda. Ila kabla ya kuitoa popote fikiria mashindano, kwa sababu mengine yanataka mswada ambao haujachapishwa. Ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na riwaya ina kipengele chake. Soma masharti ya mwaka utakaoshiriki neno kwa neno, fonti wamesema ipi, kurasa ngapi. Na mtafute mhariri hata kama ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya jirani, mlipe hata kuku.

SWALI

Shangazi mimi sio mwandishi ila nimeona mnazungumzia marafiki wa utotoni nikasema niulize. Nina miaka 31, naishi Ipagala. Kuna kaka nimekua naye, mama zetu walikuwa kwaya moja. Ni mtu mzuri ila pesa kwake haikai, mpaka sasa nimemkopesha 180,000 tangu mwaka jana hajagusia. Mi mwenyewe nina hasira za karibu na nikikasirika nanyamaza hata wiki mbili. Mwezi uliopita kwenye msiba kwao ameniambia "hivi sisi tunangoja nini?" nikakimbilia jikoni. Tangu siku hiyo nikimuona natetemeka, mtu niliyemjua miaka 25! Nifanyeje?

Dada wa Ipagala

JIBU

Mdogo wangu, kwanza poleni na msiba. Huko kutetemeka ukirudi juu kwa yule kijana wa Nkuhungu utaona nimeshakujibu nusu bila kukujua.

Nusu nyingine ni hiyo 180,000. Idai. Usiidai kwa meseji na usiidai ukiwa umekasirika, mwite mchana, sehemu ya wazi, mwambie swali lako nimelisikia na nitalijibu ila kwanza tuongelee ile hela. Sio kwamba nakufanya mpenda pesa, ni kwamba sasa hivi hilo deni limekaa katikati yenu kama mtu wa tatu na nyie wote mnajifanya hamlioni. Akisema hana, sawa, muulize atalipa lini na kiasi gani kwa mwezi, na umuangalie usoni anavyojibu. Umemjua miaka 25, ile sura yake ya kutunga unaijua na ile ya kweli unaijua, hakuna mwanamke mwingine Dodoma nzima mwenye hiyo faida uliyonayo.

Na wewe mpe lako siku hiyo hiyo. Mwambie nikinyamaza wiki mbili huwa nafanya nini ndani, kwa sababu nina hakika anaona ule ukimya tu hajui kilichopo nyuma yake, na huenda hata hilo deni halitaji kwa kuuogopa. Ongeeni mpaka yaishe, hata mkirudia tena siku ya pili.

Halafu niandikie. Nataka kujua alilipa kwanza ndo ukamjibu, au ulimjibu kabla hajalipa.